Umevuka mpaka kufuata dhahabu? Panga nyumba kwanza

Msomaji, ukiambiwa kwamba jamaa fulani amehamia Macalder, huna haja ya kuuliza amefuata nini. Mji huo mdogo ulioko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, unajulikana kwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliokuwa huko ulifungwa mwaka 1966, lakini uchimbaji haukufa. Wachimbaji wadogo waliendelea na mashimo, nyundo, karai na mashine za kusagia mawe, na hadi leo ndio wanaoupa mji uhai wake. Mpaka wa Tanzania hauko mbali. Kwa sababu hiyo, pamoja na Waluo wenyeji, utakuta Wakuria, Wakisii, na Watanzania waliotoka Tarime na sehemu nyingine za mkoa wa Mara.

Aghalabu baba hutangulia. Anapanga chumba cha mabati, anajiunga na wenzake wenye shimo, na baada ya miezi michache anatuma nauli ili mama na watoto wafuate. Hapo ndipo matatizo ya kiafya yanapoanza. Katika miezi ya kwanza familia hiyo haiachi kwenda zahanati: leo mtoto ana homa, kesho mwingine anahara, wiki ijayo mama anakohoa. Wengine husema maji ya huku hayawapendi. Wengine humshuku jirani kwa uchawi.

Ukiwauliza maswali machache tu, unagundua jambo jingine. Kule walikotoka, nyumba ilikuwa na taratibu zake. Maji ya kunywa yalikuwa na mtungi wake, chandarua kilikuwa na msumari wake, tarehe ya kliniki ilijulikana, na bibi alikuwepo kuwaita watoto jua linapotua. Taratibu hizo hakuna aliyezifunga kwenye mzigo. Familia ilifika na sufuria, godoro na nguo, lakini utaratibu ukabaki nyuma. Wiki hii tutaangalia namna ya kuujenga upya, na hasa katika mji wa dhahabu, ambako kosa moja dogo la nyumbani laweza kumwachia mtoto ulemavu wa maisha.

DHAHABU ISIVUKE KIZINGITI

Tuanze na hatari ambayo mgeni haijui. Mchimbaji mdogo hutenganisha dhahabu na mchanga kwa kutumia zebaki, ule umajimaji mzito unaong'aa kama fedha. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, ikafanya tonge laini. Takriban nusu ya tonge hilo ni zebaki. Ili kubaki na dhahabu peke yake, tonge huchomwa motoni, zebaki ikapaa kama mvuke.

Swali ni moja tu: linachomewa wapi? Wengi hulichomea nyumbani, juu ya jiko la mkaa, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Wana sababu zao, na ni vema tuzielewe kabla ya kuwalaumu. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima shimoni anaogopa wezi. Anaogopa pia kwamba akilichoma mbele ya watu, kila mwenye kumdai atajua amepata. Mvua nayo ikinyesha, jikoni ndipo penye moto. Matokeo yake ni kwamba chumba kimoja kinakuwa kiwanda, jiko na chumba cha kulala watoto.

Watu huishika zebaki kiganjani, wakaona haiwachomi, wakadhani haina neno. Kwa kweli zebaki ikiguswa au hata ikimezwa ikiwa majimaji, ni kidogo tu inayoingia mwilini. Hatari kubwa ni mvuke wake. Hauna rangi wala harufu, na mtu akiuvuta, takriban sehemu 80 katika kila 100 hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, ukafika kwenye ubongo na figo. Mama mjamzito akiuvuta, huvuka kondo la nyuma ukamfikia mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Isitoshe, mvuke ukipoa hutua kwenye kuta, blanketi na vyombo, na kutoka hapo hurudi hewani polepole siku nyingi baada ya moto kuzimwa.

Kwa hiyo utaratibu wa kwanza wa nyumba ya mchimbaji ni huu: dhahabu isivuke kizingiti mpaka iwe imekwisha kuchomwa. Baba na wenzake wanne au watano wanaoaminiana wakubaliane mahali na saa. Mahali pawe wazi, mbali na nyumba, kisima na watoto, na upepo uelekee kusikoishi watu. Kama hofu ni wezi, watu watano mahali wazi mchana wana ulinzi kuliko mmoja aliyejifungia usiku. Bora zaidi ni kutumia chombo cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kupoza mvuke, kiitwacho retoti. Chombo hicho hurudisha sehemu kubwa ya zebaki ili itumike tena, kwa hiyo huokoa mapafu na mfuko pia.

Wala usidhani huu ni ushauri wa daktari mmoja mwenye wasiwasi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zenye uchimbaji mdogo wa aina hii zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa tonge katika makazi ya watu. Jina hilo ni la mji wa Japani ambako mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa ulioletwa na samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika huku mama zao wakionekana wazima.

Hatari haiishii kwenye moto. Utafiti wa wasomi wa Kenya uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta zebaki, risasi na aseniki katika mabaki ya migodi na mashapo ya mito ya eneo la Migori. Kwa lugha nyepesi, vumbi la mgodini ni sumu hata bila moto. Mchimbaji avue nguo na viatu vya kazi nje, aoge, kisha ndipo ambebe mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi. Karai, sufuria au kikaango kilichowahi kutumika kwa zebaki kisirudi jikoni tena, hata kikisuguliwa kwa jivu mara kumi.

Zebaki ikimwagika ndani, watoe watoto kwanza na ufungue milango na madirisha. Usifagie kwa ufagio, maana utaivunja kuwa matone madogo zaidi na kuyasambaza. Yakusanye matone kwa karatasi mbili ngumu, uyatie kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko cha kubana. Kama sakafu ni ya udongo, ondoa udongo wa sehemu hiyo na uuhifadhi vivyo hivyo. Usitupe chooni, mtoni wala motoni.

DALILI ZINAZOFANANA NA MALARIA

Mtu aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja, katika saa chache huweza kukohoa, kubanwa na kifua, kupata homa, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Akifika zahanati anaonekana kama mgonjwa wa malaria au nimonia. Mhudumu hawezi kukisia. Mwambie wazi: "Jana usiku tulichoma dhahabu ndani ya nyumba." Sentensi hiyo moja inabadilisha matibabu, na kusudi lake si kumshtaki mtu.

Anayevuta kidogo kidogo kwa miezi huonyesha dalili nyingine: vidole kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za haraka, kusahau, fizi kuvimba na mate kujaa. Mara nyingi nyumba husema, "Mzee amebadilika tangu tuje huku." Hospitali kubwa zaweza kupima zebaki mwilini na kutoa dawa za kuiondoa inapobidi. Lakini tiba ya kwanza, bila ambayo dawa hazina maana, ni kumtoa mgonjwa kwenye mvuke. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu tu. Aache kukaa karibu na zebaki, kisha amwone daktari.

USIKU WA ZIWA

Migori na Homa Bay ziko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria ni kali kuliko sehemu nyingine nyingi za Kenya. Anayetoka nyanda za juu zenye baridi, kama vile sehemu za juu za Tarime au Kisii, hana kinga aliyonayo mtu aliyekulia kando ya ziwa. Mtoto wake mdogo na mke wake mjamzito wana hatari kubwa zaidi.

Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kupanga vyombo, tundika chandarua chenye dawa. Katika chumba kimoja chandarua husumbua mchana, na hiyo ndiyo sababu watu hukivua na kusahau kukirudisha. Kifunge juu kama fundo asubuhi, ukishushe saa 12 jioni kabla ya chakula. Mpe kazi hiyo mtoto mkubwa, naye ataikumbuka kila siku. Baba anayefanya zamu ya usiku avae mikono mirefu na suruali ndefu.

Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Dawa mseto ya malaria hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, baada ya kula, na humalizwa yote hata kama homa imeshuka jana. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, aliyelegea au aliyepatwa na degedege hangoji asubuhi. Jueni mapema njia ya kwenda hospitali usiku, na namba ya simu ya bodaboda mmoja mnayemwamini.

Kuna chanjo ya malaria pia. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, na uzinduzi ulifanyika huko huko Homa Bay. Hutolewa mara nne, dozi ya kwanza mtoto akiwa na miezi 6. Kama unatoka mahali ambako mtoto hakuipata, uliza kliniki. Mama mjamzito naye aulizie dawa ya kuzuia malaria ambayo hutolewa kliniki katika kaunti za ziwa.

MAJI NI KAZI YA JIONI

Mto Kuja unapita Nyatike kuelekea ziwani, na mgeni huona maji tele akafurahi. Lakini maji ya mto na ziwa hubeba vijidudu vya kuhara na kipindupindu, pamoja na kichocho. Kichocho hakingoji mtu anywe. Huingia kupitia ngozi, mtoto anapoogelea au mama anapofua akiwa amesimama majini.

Panga hivi. Maji ya leo yachotwe juzi. Maji yaliyokaa kwenye chombo kwa siku mbili huwa hayana tena viini hai vya kichocho, kwa hiyo yanafaa kuogea. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kila jioni, yalale yamefunikwa katika chombo chenye bomba au shingo nyembamba ambamo mkono hauingii. Asubuhi kila mtu anakuta maji yako tayari. Ukiiacha kazi hii hadi asubuhi, wakati mkaa haujawaka na mtoto anachelewa shule, atakunywa ya kwenye ndoo.

CHAKULA CHA SIKU YA NEEMA NA SIKU YA NJAA

Mshahara wa mgodi hauna tarehe. Kuna siku familia inakula nyama na soda, na kuna wiki inayopita kwa chai ya rangi. Watoto wadogo hawastahimili mwendo huo. Hukonda katikati ya wiki hata kama mwezi ule baba alipata pesa nyingi.

Kanuni ni nyepesi: pesa ikipatikana, chakula cha wiki mbili kinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Unga, maharagwe, mafuta, chumvi na omena. Aliyetoka Tanzania anawajua omena kwa jina la dagaa. Ni samaki wadogo wanaoishi muda mfupi, kwa hiyo hawakusanyi zebaki kama samaki wakubwa walao wenzao, na wakikauka hudumu. Mboga za kienyeji kama kunde, mchicha na mnavu hupatikana sokoni kwa bei ndogo. Mtoto mdogo ale kwa saa zile zile kila siku, hata kama sahani ni ndogo. Uji wa saa 4 asubuhi wenye njugu zilizosagwa una faida kuliko kuku mmoja wa mwisho wa mwezi.

KADI NA VIDONGE VIVUKE MPAKA

Mhamiaji wengi humkatisha dawa bila yeye kukusudia. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi huja na vidonge vya mwezi mmoja akidhani atarudi kuchukua vingine. Nauli inakosekana, aibu inaingia, na miezi miwili inapita. Virusi vikiachiwa nafasi hiyo huzaliana, na vyaweza kuzoea dawa.

Kabla ya kuhama, omba barua ya uhamisho kliniki na ubebe kadi yako. Huko Tanzania kliniki hiyo huitwa CTC, Kenya huitwa CCC, lakini kazi ni moja. Ukishafika, nenda wiki ya kwanza, vidonge vikiwa bado vipo. Kadi ya chanjo ya mtoto nayo isiachwe kwa bibi, kwani bila kadi hiyo mhudumu hajui aanzie wapi.

Kisha chagua saa ya kumeza dawa, uifunge na jambo linalotokea kila siku, kama taarifa ya habari ya jioni redioni. Anayefanya zamu za kubadilika achague saa ambayo yuko nyumbani katika zamu zote. Mke na mume wakumbushane. Waliokuwa wameishi mbalimbali kwa miezi wapimwe virusi pamoja kabla ya kuanza tena, bila kulaumiana. Na mchimbaji anayekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu, maana vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa huo.

MTOTO NAYE AMEHAMA

Mtoto aliyesomeshwa kwa Kiswahili Tarime anafika Macalder, akasikia Kidholuo uwanjani na Kiingereza darasani. Asipozungumza kwa wiki kadhaa, au akianza tena kukojoa kitandani, usimchape. Amepoteza marafiki, lugha na bibi kwa siku moja. Kinachomtuliza ni mambo yanayojirudia: chakula pamoja jioni, hadithi kwa lugha ya nyumbani, na saa moja ya kulala. Mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Katika chumba kimoja hilo litawezekana tu kama wakubwa watazima redio na kutoka nje kuzungumza.

Baada ya shule mtoto arudi nyumbani. Asiende kubeba mawe wala kuosha mchanga "kidogo tu" ili apate pesa ya daftari. Ubongo unaokua huumizwa na kiasi cha zebaki ambacho mtu mzima hakihisi.

MAMBO SITA YA WIKI YA KWANZA

1. Tundika chandarua usiku wa kwanza.
2. Tenga chombo cha maji ya kunywa chenye kifuniko.
3. Weka kigingi nje cha kutundikia nguo za mgodini.
4. Kubalianeni, mume na mke, kwamba zebaki na tonge havitaingia ndani.
5. Peleka kadi na barua zote kliniki.
6. Mfahamu mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu hawa mikoba ya vifaa ili wapite nyumba kwa nyumba.

Huenda wewe, msomaji wa Nairobi au Mombasa, hujawahi kufika Nyatike. Lakini yamkini una ndugu aliye huko, au wewe mwenyewe umehama karibuni kutoka nchi moja hadi nyingine na nyumba yako bado haijatulia. Mpango ni ule ule: maji, chandarua, chakula, dawa na usingizi vipewe mahali pake na saa yake kabla ya makochi na televisheni. Na kama ni ndugu wa Macalder, mpigie simu leo. Baada ya salamu muulize anachomea wapi dhahabu yake. Akikujibu "jikoni", mwambie aanze na hilo.